Jina la Kuitwa na Jina la Kujiita: Mjadala Kutoka Garissa

Kushuka hadhi kwa maana ni hali ya neno lililokuwa la kawaida kugeuka likawa la kudunisha, na mazungumzo ya Kiswahili kuhusu hali hiyo huegemea zaidi mifano ya ulemavu, ambamo kilema alimpisha mlemavu na mlemavu naye akampisha mtu mwenye ulemavu. Eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, linastahili kutajwa mapema zaidi katika mazungumzo hayo, kwa sababu huko jina la kuitwa halikuishia kuumiza moyo bali liliamua nani apite kizuizini, nani apewe kitambulisho na, katika miaka mibaya zaidi, nani aishi. Mjadala unaofuata umewekwa katika vinywa vya watu wanne wasio na majina, kwa kuwa wao si watu mahususi bali ni misimamo inayosikika katika eneo hilo: Mwanahistoria, Wakili aliyezaliwa Garissa katika jamii ya Wasomali, Mwalimu aliyetoka bara na kufundisha Garissa kwa miaka mingi, na Mama wa Kiawer kutoka upande wa Ijara, ukingoni mwa msitu wa Boni. Swali linalowagonganisha ni kama uchungu wa jina umo ndani ya neno lenyewe, au umo katika kazi ambayo neno hilo limepewa.

Mwanahistoria: Neno shifta halikuzaliwa Kenya, wala halikuzaliwa likiwa tusi tupu. Katika Kiamhari na Kitigrinya lilimtaja mtu aliyeasi mamlaka akaingia porini, na mtu huyo aliweza kuwa mnyang'anyi, lakini pia aliweza kuwa muungwana aliyedhulumiwa akakataa kuinama. Kassa Hailu, aliyetawazwa mwaka 1855 kuwa mfalme wa Ethiopia kwa jina la Tewodros wa Pili, aliwahi kuwa shifta kabla ya kuvaa taji, na habari hiyo haikumfungia njia ya kiti cha enzi. Neno lilipovuka mpaka na kuingia Kenya, upande huo wa heshima uliachwa ng'ambo. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume iliyozunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana zaidi kwa herufi NFD, ikakuta kwamba wengi wa wakazi wake, na hasa Wasomali, walitaka kuungana na Jamhuri ya Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa, bunduki zikashikwa, na kabla ya mwezi wa kwanza wa uhuru kwisha, mwishoni mwa Desemba 1963, serikali ya Jomo Kenyatta ilitangaza hali ya hatari katika eneo zima. Waliopigana walikuwa na dai la kisiasa, liwe la haki au lisiwe la haki. Kuwaita shifta kulilifuta dai hilo kwa pigo moja, maana mwenye dai hujadiliwa, ilhali mnyang'anyi husakwa.

Hoja hii ya kwanza inafaa kupewa nafasi, kwa kuwa inaonyesha kwamba kushuka hadhi kwa maana si lazima kuwe kazi ya karne nyingi na vinywa vingi visivyojuana, kama wanaisimu wanavyozoea kueleza. Kunaweza kufanywa na ofisi, kwa miaka mitatu au minne. Mnamo 1966 na 1967 wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa na askari, mifugo mingi ikapotea kwa kukosa malisho au kwa kuuawa, na katika hali hiyo mchungaji, mke wake na mbuzi wake wote waliingia chini ya neno moja. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho Gaf Daba, yaani wakati wa kusimama, jina ambalo halimtaji mhalifu yeyote bali hutaja maisha yaliyokwama. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalivimaliza vita, lakini hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991, na neno shifta likaendelea kufanya kazi: kila jangili aliyeua ndovu katika mbuga za Meru na Kora, na kila genge lililoteka lori, lilirithishwa jina lile lile, na kwa jina hilo likaunganishwa na kila Msomali aliyeketi dukani kwake.

Mwalimu: Mwanahistoria amelieleza vyema neno lililotoka serikalini, lakini maneno mengi hayatoki huko. Wariya, neno ambalo Wakenya wengi humwitia Msomali, limetoka kwa Wasomali wenyewe, ambao husema waryaa wanapomwita mwanamume asikie, kama Mswahili anavyosema "ewe" au "we bwana". Wapita njia wa Nairobi walilisikia katika maduka ya Eastleigh wakalichukua kama walivyochukua maneno mengine mia, na mtoto anayelitamka leo hana habari ya NFD wala ya hali ya hatari. Iwapo kila neno litafukuzwa kwa sababu kuna aliyelitumia vibaya, basi tasfida, yaani kuliweka neno la staha mahali pa neno kali, haitakuwa na mwisho. Wapo hata wanaodai kwamba kiziwi na kipofu ni maneno ya dharau kwa kuwa yameanza kwa ki- kama kiti na kisu, wakisahau kwamba kiongozi na kijana yameanza vivyo hivyo na hakuna aliyelalamika. Watoto wa Garissa wanahitaji walimu na madarasa kabla ya kuhitaji kamusi ya maneno yaliyopigwa marufuku.

Wakili: Mwalimu amesema kweli kuhusu asili na amepotea kuhusu matumizi. Waryaa katika Kisomali haliitiwi kila mtu. Ni la mwanamume, tena rika au mdogo. Mwanamke huitwa kwa naa, na kijana atakayemwita mzee waryaa amekosa adabu mbele ya ukoo mzima, kwa sababu mzee ni adeer, ndugu wa baba, au ni abti, ndugu wa mama, hata kama hana udugu wa damu na anayemwita. Neno hilo lilipochukuliwa na wasioijua ngazi hiyo, lilianza kumwangukia babu mwenye mvi, mama mwenye mtandio na mtoto mchanga bila tofauti. Kwa hiyo kabla hata halijabeba chuki ya mtu yeyote, lilikuwa limekwisha kumvua mtu umri wake, jinsia yake na heshima yake, akabaki kuwa Msomali tu.

Jibu la Wakili linaonekana vyema katika kizuizi cha barabarani, mahali ambapo sarufi hii hufundishwa kwa vitendo. Basi linalotoka Garissa kwenda Nairobi husimamishwa, na abiria wenye sura ya Kisomali huambiwa washuke, wapange mstari na kushika vitambulisho vyao mkononi, huku wengine wakiachwa vitini. Mzee wa miaka sabini husimama nyuma ya mvulana wa kidato cha nne. Neno wariya likitamkwa hapo, huitwa mstari wote kwa pamoja, na mzee hulazimika kuitika, kwa kuwa asiyeitika hapandi tena basi. Neno hilo hilo likitamkwa na rafiki kwa rafiki katika kibanda cha chai halina ubaya wowote, na tofauti ya matukio hayo mawili haiwezi kupatikana katika kamusi, kwa sababu iko katika uwezo wa anayeitwa kukataa kuitika. Mtu wa kibandani anaweza kunyamaza au kurudisha mzaha. Mtu wa kizuizini hana nafasi hiyo. Jina ambalo mtu hana ruhusa ya kulikataa huanza kuoza siku hiyo hiyo, hata liwe limetoka katika lugha ya mama yake.

Mwalimu: Kizuizi hakikuwekwa na lugha. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wauaji waliwatenga kwa kuwauliza dini yao. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo, na wenzao kutoka bara wakahamishwa kwa mamia. Waliobaki bila kuogopa walikuwa wachache, na mwenye hofu hachagui maneno kwa mizani ya mwanaisimu. Inafaa pia kusemwa wazi kwamba mtu wa bara anayeishi Garissa ana majina yake ya kuitwa sokoni, na adoon, yaani mtumwa, ni mojawapo.

Msiba huo hauwezi kutajwa haraka kisha ukaachwa, na Mwalimu ana haki ya kuuleta mezani. Hata hivyo unaithibitisha hoja anayoipinga. Shabaab ni neno la Kiarabu linalomaanisha vijana, na katika sehemu nyingi za ulimwengu wa Kiislamu ni jina la kawaida la vikundi vya vijana na vilabu vya mpira. Kundi lenye silaha, lile lile lililoua Garissa, lililichukua, na Kenya, hasa baada ya shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, ikalisukuma neno hilo hadi kwa watu ambao kundi hilo hilo liliwaua. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wapigwe msasa, yaani wachunguzwe uraia wao mmoja mmoja. Vijana wa kizazi kile hawakuitwa shifta kama babu zao, bali waliitwa al-Shabaab, na kiatu kilikuwa kimoja kilichobadilishwa kamba tu. Abiria Waislamu wa basi la Mandera waliokataa, Desemba 2015, kutenganishwa na wenzao Wakristo mbele ya bunduki walielewa jambo hili bila kusomeshwa: kutenga watu kwa jina ndio mwanzo wa tendo lenyewe.

Wakili: Sheria inayo mengi ya kusema, ingawa haijasema yote. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na pia ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomshushia hadhi. Haki hiyo ya kuitwa vizuri haikuandikwa kwa maneno hayo kwa jamii za wachache wala kwa jamii zilizotengwa, ambazo zimepewa kifungu cha 56 chenye habari za uwakilishi, elimu, kazi, maji na afya. Kwao imebaki Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayoadhibu matamshi ya chuki, na tume iliyoundwa chini yake, ambayo kabla ya uchaguzi wa 2022 ilitoa orodha ya maneno ya hatari, yakiwemo madoadoa na kwekwe. Maneno hayo mawili yalikuwa ya ngozi ya mnyama na ya magugu ya shambani kabla ya wanasiasa kuyaelekeza kwa majirani waliotaka waondoke. Orodha ya namna hiyo inasaidia wakati wa uchaguzi, lakini inafika daima baada ya neno kufanya kazi yake.

Mwanahistoria: Tena sheria yenyewe huzaa majina. Chini ya ukoloni, neno "mwenyeji" katika vitabu vya serikali lilikuwa ngazi ya chini kabisa, na mtu aliyeandikwa hivyo alibeba kipande na kuishi alipoelekezwa. Sheria ya 1919 iliwatoa baadhi ya Wasomali wa mijini katika kundi hilo kwa mambo fulani, na mnamo miaka ya 1930 Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokuwa Kenya walipigania kuhesabiwa pamoja na Waasia, wakidai walipishwe kodi kubwa, ile ya Waasia, badala ya kodi ndogo iliyowashusha daraja. Ni nadra kwa watu kuomba waongezewe kodi. Walikuwa wakinunua jina, kwa kuwa walijua kwamba jina ndilo lililofungua milango mingine yote. Nusu karne baadaye, mwaka 1989, serikali ya Kenya huru iliwapiga msasa Wakenya wa asili ya Kisomali peke yao na kuwapa kadi ya pili ya rangi ya waridi, ili kitambulisho walichokuwa nacho kisitoshe.

Wakili: Na neno mkimbizi linafaa kuongezwa hapo, kwa sababu lilitungwa ili limlinde mtu. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991, kuandikwa mkimbizi kulimaanisha mgao wa chakula, hema na tiba, na katika miaka ya ukame Wakenya wengi wa Garissa na Wajir walijiandikisha humo, wengine wakiwa watoto waliopelekwa na wazazi wao. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho, alama za vidole vyao zilionekana katika daftari la wakimbizi na maombi yao yakakataliwa. Mtu aliyezaliwa Garissa, wa wazazi waliozaliwa Garissa, akawa mkimbizi katika mji wake, bila chuo, bila akaunti ya benki na bila kazi ya mshahara. Neno lile halikutukanwa na mtu yeyote. Lilichafuliwa na dirisha la ofisi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa pekee uliokuwa ukiwekewa wakazi wa eneo hilo wanapoomba kitambulisho, na hatua hiyo, ikitekelezwa hadi kwenye madirisha ya mwisho, itayasafisha majina mengi kuliko orodha yoyote.

Hadi hapa mjadala umeenda kama ambavyo huenda mara nyingi, serikali na watu wa bara upande mmoja, Wasomali upande wa pili. Sauti ya nne inauharibu mpangilio huo, na pasipo sauti hiyo mjadala wa majina Kaskazini Mashariki hauna ukweli kamili.

Mama wa Kiawer: Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu uchungu. Wakili amehesabu vyema majina aliyoitwa na wengine. Ahesabu sasa majina ambayo watu wake huwaita wengine. Waawer huitwa Boni, na jina hilo huhusishwa na neno la Kisomali boon, linalomtaja mtu wa tabaka la chini anayeishi kwa kuwinda, ambaye mwenye ng'ombe hamwozi binti yake. Serikali nayo haikuuliza. Ililichukua jina kutoka kwa majirani wenye nguvu ikaliandika katika ramani, katika hifadhi ya wanyama na katika msitu, na mwaka 2015 ikaliweka katika operesheni ya kijeshi, Linda Boni, iliyowafungia Waawer msitu wenyewe. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hiyo kazi iliyowaletea jina la dharau sasa ni kosa la jinai, na jina limebaki bila kazi. Huko Dadaab wako watu wa Bonde la Juba la Somalia waitwao jareer, yaani wenye nywele ngumu, neno linalotamkwa mbele yao kana kwamba ni habari ya hali ya hewa. Msomali anayelia kwa kuitwa shifta kizuizini, akifika nyumbani humwita mpakuzi wake adoon.

Wakili: Eeddo amesema kweli, na hakuna cha kumjibu. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, inawakataza waumini kubandikana majina ya kubezana, na aya hiyo husomwa misikitini Garissa mwaka mzima.

Kumwita Mama huyo eeddo, yaani shangazi, ni jambo dogo kwa msikilizaji wa mbali, lakini kwa anayejua ngazi za heshima za Kisomali ni jibu lenye uzito kuliko kukiri kulikofuata, kwa sababu heshima hiyo humwingiza mtu katika ukoo ambao jina boon humtoa.

Mwanahistoria: Watu wa Bonde la Juba aliowataja Mama wanatoa fundisho gumu kwa pande zote. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki katika karne ya 19, na baadhi, hasa Wazigua, bado wanazungumza Kizigua kinachoeleweka Handeni. Walijulikana kwa majina mengi: Wagosha, watu wa msituni, Mushunguli, jareer. Vita vya Somalia vilipowaleta Dadaab, watumishi wa mashirika ya misaada walihitaji jina moja la kuandika katika fomu, na "Wabantu wa Somalia" likashika. Jina la ofisini, lililotoka katika istilahi ya wanaisimu kuhusu familia ya lugha, likapewa hata watu ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kimaay. Kwa jina hilo Marekani ilikubali kuwapokea takriban 12,000 miongoni mwao. Walihamishwa kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma mwaka 2002 na kuanza kusafiri mwaka uliofuata. Wengine walirudi Tanzania na kupewa makazi Chogo, Handeni, katika nchi ya mababu. Jina lililobuniwa mezani, ambalo kwa nadharia yoyote ya utambulisho lilikuwa la kubandikwa, lilipokelewa kwa mikono miwili, na leo wapo wanaojiita hivyo kwa fahari.

Mwalimu: Basi na iulizwe wazi: kama jina la kubandikwa linaweza kupendwa, na jina la nyumbani kama waryaa linaweza kuwa sumu, asili ya neno inamsaidia nani?

Mama wa Kiawer: Haimsaidii mtu. Kinachoulizwa ni mlango gani ulifunguliwa au kufungwa jina lilipotajwa. Wapo Waawer wanaojiita Boni mbele ya mgeni, kwa sababu ndilo jina linalojulikana na ofisi za misaada, na hawapaswi kusomewa hotuba na mtu wa mjini aliyejifunza jina Aweer juzi. Lakini anayeandika kitabu au ramani hana udhuru huo. Anao muda wa kuuliza.

Mwalimu anabaki na ugumu mmoja ambao hakuna aliyeutatua kwa ajili yake, na ni ugumu wa kazi yake ya kila siku. Vitabu vya historia huviita Vita vya Shifta vile vilivyopiganwa kuanzia 1963 hadi 1967, na mwanafunzi wa Garissa huketi katika mtihani akilazimika kuandika, ili apate alama, jina lililobandikwa babu yake. Mwanahistoria anapendekeza "Vita vya NFD", ambalo Wakili analikubali na Mama analitilia shaka, kwa kuwa Waawer walihamishwa kutoka msituni wakati wa vita hivyo bila kudai chochote katika NFD wala Somalia. Mwalimu mwenyewe hataki jina la zamani lifutwe katika kitabu, kwa hoja kwamba mtoto asiyelijua hatawaelewa wakubwa wake wanapozungumza; anataka ukurasa ueleze nani alilitoa, lini na kwa shabaha gani, na uwekwe pembeni mwake Gaf Daba pamoja na majina mengine ambayo wenyeji waliyatumia. Wakili anaona hilo linawezekana bila sheria mpya. Mama anauliza ni nani atakayekwenda Ijara kuyakusanya majina hayo kwa Kiaweer, lugha ambayo wazungumzaji wake wanapungua, na swali hilo linaelekezwa kwa Mwanahistoria, ambaye ndiye mwenye kalamu.